Uniti Sita

Barua ilikuja Jumatatu ikiwa na jina la mke wangu, na ilianza kwa kumwita mteja mpendwa. Mke wangu ana miezi kumi na moja kaburini. Alipokuwa hai, akienda pale ofisi ya maji kulalamika kwamba maji yanatoka na rangi ya chai, hakuna aliyemwita mpendwa. Walimwita "we mama, subiri pale."

Mimi kusoma nasoma, ila polepole na kwa kidole. Shule niliiacha pale wenzangu walipoanza kugawanya. Nilikaa na barua ile pembeni ya beseni mpaka povu likanikaukia mikononi, nikaelewa kwamba mke wangu anadaiwa maji ya miezi kumi na moja kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga zamani, na asipolipa kufikia Ijumaa maji yanakatwa. Si kule kwenye nyumba ya zamani. Huku, kwa binti yangu. Binti alipoomba kuvutiwa maji miaka minne iliyopita, aliyeweka sahihi ya udhamini alikuwa mama yake, na kwa sheria zao mdhamini akidaiwa, aliyedhaminiwa anakauka. Ndivyo wakubwa walivyopanga, wakiwa wamekaa kwenye viti vinavyozunguka.

Deni lenyewe lilizidi bei ya mashine ya kufulia ya mtumba ninayoitamani mwaka wa sita huu.

Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu na kuzipiga pasi, na mke wangu alipofariki nilihama, nikaja kukaa chumba cha uani kwa binti. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye bomba ni hatua nne. Bomba lile ndilo linalonifanya niseme nakaa kwa mwanangu, nisiseme nafugwa. Mkwe wangu ni dereva wa basi la shule, mtu wa adabu sana, adabu ya kutisha. Hajawahi kunitamkia neno baya. Anasema, "Hakuna shida, Baba," na kila akisema hivyo mimi naanza kukunja shuka zangu kimoyomoyo. Maji yakikatwa nyumbani kwake kwa deni la mama mkwe aliyekwisha kufa, atasema hakuna shida mara mbili, na mimi nitakwenda kukaa kwa mdogo wangu, mwenye watoto saba na choo kimoja.

Jumanne nikaenda ofisi ya maji. Wana madirisha matano ya kuhudumia watu, na manne kati yake yamewekwa ili tuone tunachokosa. Choo cha wateja kina karatasi mlangoni: hakuna maji. Nikapanga foleni hadi dirisha la tatu, kwa binti mmoja mwenye kucha ndefu kiasi cha kubonyezea kompyuta kwa penseli. Nikampa barua. Akaniuliza mwenye akaunti yuko wapi. Nikamwambia amefariki. Akaniambia kwa upole kwamba anayeruhusiwa kupinga bili ni mwenye akaunti mwenyewe, au aandike barua ya kunituma. Kisha akaomba namba yake ya simu. Nikamwambia alipo hakuna mtandao.

Akaangalia kompyuta muda mrefu.

"Baba, kwenye mfumo mama anaonekana yuko hai."

"Basi mfumo wenu umewashinda madaktari," nikamwambia. "Niitie huo mfumo, mwanangu, uniambie yuko wapi. Nimemkumbuka."

Nikatoa cheti cha kifo ndani ya mfuko wa nailoni. Akaenda kukitoa nakala, akarudi akisema mashine haina wino. Sikumlaumu. Mtu mbaya huwezi kumkuta dirishani, anakaa ghorofani. Yule binti alijitahidi, hata akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe: kila mwezi uniti kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane, mpaka mwisho wa ukurasa. Nikamweleza kwamba nyumba ile haina mtu tangu nilipotoka, mwenye nyumba ameigeuza stoo ya viti na maturubai ya kukodisha, na kiti cha plastiki sijawahi kukiona kinaoga. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Lakini msoma mita anafika, Baba. Kila mwezi anaiona mita, anaandika."

Hapo nikanyamaza. Wanaonijua watakwambia kunyamaza si kazi yangu, nimewahi kumkatiza mchungaji. Ila siku ile ulimi uliganda, kwa sababu mita hiyo anayoiona kila mwezi ilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya kiroba, imevishwa foronya.

Usinitazame hivyo. Acha nieleze.

Siku ya kuhama, mwenye nyumba alikataa kunirudishia kodi ya miezi miwili aliyoishika kama amana. Alisema mvuke wa pasi yangu umemharibia rangi ya ukuta. Miaka tisa tumemlipa bila kuchelewa, na yeye hata bati lililovuja hakuligusa. Nikamwambia sawa. Kisha nikazunguka nyumba na spana, nikatoa kila kitu tulichonunua wenyewe. Nilitoa balbu, komeo la mlango, koki ya uani, kamba za kuanikia na misumari yake. Nikafika kwenye mita, pale ndani ya geti, upande wa kulia. Ndani ya kopo la biskuti mke wangu aliacha risiti ya siku tuliyovutiwa maji, imeandikwa waziwazi: gharama ya mita, imelipwa. Kitu ulicholipia ni chako, ndivyo ninavyojua mimi, na hakuna aliyewahi kuniita semina kunifundisha vingine. Nikafungua nati mbili, nikaziba bomba kwa kizibo, nikaondoka nayo.

Ila ningekuwa nadanganya nikisema niliichukua kwa sababu ya risiti.

Kwenye kioo cha mita ile mke wangu alichora mstari kwa rangi ya kucha, nyekundu, kutenganisha tarakimu zinazohesabiwa na zile ndogo za kuachwa. Kila tarehe ishirini na tano alipiga magoti pale, akafuta vumbi, akasoma, akaandika namba kwenye daftari na kwenye kipande cha karatasi. Karatasi aliibandika getini kwa wanga wangu wa kunyooshea kola. Msoma mita, ambaye mtaa mzima tunamwita Darubini kwa jinsi anavyosoma mita akiwa mbali nazo, alipita na baiskeli, akanakili bila kushuka, akaenda zake. Miaka tisa. Yaani mke wangu alikuwa mtumishi wa kampuni ya maji miaka tisa bila mshahara wala koti la mvua, na siku alipozikwa kampuni haikuleta hata ndoo.

Alipoondoka, karatasi haikuonekana tena getini. Darubini hakuhangaika. Aliona mama huwa anatumia kumi na nane, akaendelea kumjazia kumi na nane.

Binti yangu anafundisha chekechea, anarudi saa tisa alasiri akiwa na chaki hadi kwenye nyusi. Nilimweleza habari za dirishani. Akataka tuandike barua makao makuu, na nakala kwa huyu na yule. Nikaona nisimpotezee karatasi. Nikaingia chumbani, nikavuta kiroba, nikaifunua mbele yake.

Alikaa juu ya ndoo ya mteja.

"Baba, hii ni kesi. Watu wanafungwa kwa hii."

"Nina risiti."

"Una risiti ya kulipia mita. Huna risiti ya kuing'oa."

Hapo alikuwa mama yake mtupu, hata mkono ulikwenda kiunoni wenyewe. Alinisema sana. Nikasemwa mimi, nikasemwa ubishi wangu, nikakumbushwa na mambo ya harusi yake ambayo nilidhani tuliyamaliza. Kisha jicho lake likaangukia ule mstari mwekundu. Akafuta kioo kwa pindo la gauni. Akasoma: elfu mbili mia nne kumi na saba. Akaniuliza daftari la mama liko wapi. Nikatoa kopo la biskuti. Karatasi ya mwisho aliyobandika mama, siku mbili kabla ya kupelekwa hospitali, ilikuwa elfu mbili mia nne kumi na moja.

"Sita," akasema. "Hizi sita ametumia nani?"

"Mimi."

Hakuuliza za nini. Alijua.

Akaniambia basi tuliache, yeye atakopa kazini, tulipe kidogo kidogo, mumewe hatasema kitu. Najua hatasema kitu, ndiyo shida yenyewe. Nikamjibu kwamba siwezi kulipia maji ambayo hayakunyweka, hayakufua wala hayakumwagika. Nilijifanya mkali. Ukweli ni kwamba nilishajua dawa ni kuwawekea mita mezani, na jela haikunitisha kama nilivyosema baadaye kwa majirani. Kilichonitisha ni kwamba nikiipeleka, hawatanirudishia. Jumatano nzima nilifua nguo za watu nikiwaza jambo hilo, nikachanganya soksi za nyumba tatu.

Alhamisi asubuhi nikaifunga ndani ya shati jeupe la mteja wangu mmoja, mhasibu, maana foronya ilikuwa imelowa kambani. Nikaitia kwenye mfuko wa nguo safi, nikaenda. Binti wa dirisha la tatu aliponiona hakuuliza. Alikuwa amenichapia zile kurasa za kumi na nane kumi na nane, sijui wino ulitoka wapi, akanionyesha ngazi kwa penseli yake.

Ghorofani kuna zulia. Kuna na chupa kubwa ya maji ya kunywa iliyopinduliwa juu ya mashine yake, ya bosi peke yake. Bosi alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Alinisikiliza akiwa anatazama simu. Alisema rekodi zao haziongopi, na ili nitoke pale nimeridhika, akamwita msoma mita. Darubini akaingia na daftari lake na tumbo lake. Sikuwahi kumwona akiwa ameshuka kwenye baiskeli. Ni mfupi kuliko nilivyodhani.

Bosi akamuuliza kama mita ya nyumba ile anaifahamu.

"Naifahamu sana, bosi. Iko ndani ya geti, kulia."

"Mwezi uliopita uliisoma?"

"Niliisoma kwa macho yangu haya. Elfu mbili mia sita na tisa."

Nikafungua mfuko. Nikalifungua shati kifungo kwa kifungo, sikuwa na haraka, nikaiweka mita juu ya meza, katikati ya karatasi zao.

"Msalimie," nikamwambia Darubini. "Mmekuwa mkionana kila mwezi."

Bosi akavua miwani ya machoni, akashusha ya kichwani, akainamia namba ya mita iliyochongwa ubavuni, akailinganisha na ile ya kwenye bili. Ilikuwa yenyewe. Nikadhani ataona aibu. Lakini hawa watu hawakufika ghorofani kwa kuona aibu. Alijinyoosha, akaniuliza kama najua kwamba hiyo ni mali ya kampuni, kama najua kuing'oa ni kosa, kama najua anaweza kupiga simu dakika hiyo nikalala ndani.

Nikalikunja lile shati taratibu.

"Piga, bosi. Wakija wataandika tarehe niliyoing'oa. Halafu watauliza namba hizi kumi na moja zilisomwa wapi, chini ya kitanda changu au wapi. Na hizi sahihi hapa chini watauliza ni za nani."

Nikamsogezea kurasa za yule binti. Kila ukurasa chini una sahihi ya kuthibitisha usomaji, kubwa, yenye mikia, ya mtu anayependa jina lake. Bosi akaitazama sahihi yake kama mtu aliyekutana na ndugu anayemdai. Akamtazama Darubini. Darubini akatazama zulia.

Basi, kuanzia hapo nikapata undugu. Nikawa mzee wangu. Nikaambiwa kaa, mzee wangu, kwani tumegombana? Nikaagiziwa maji kwenye ile mashine, ikakoroma, ikatoa nusu glasi. Bosi akasema makosa ya kibinadamu hutokea, uniti mia moja tisini na nane zote zitafutwa leo hii, akaunti ya marehemu itafungwa, na laini ya binti yangu haitaguswa. Ila kuna kajambo. Akaunti haifungwi bila mita kurudi stoo.

Nilijua litakuja, lakini kujua hakusaidii. Nikamuuliza kama siwezi kubaki nayo, haisomi chochote tena, ni chuma tu. Akasema mfumo haukubali. Nikamwambia nitainunua upya. Akasema hilo halina fomu. Alisema kwa upole, naye nadhani alitaka nitoke mapema kabla mtu mwingine hajaingia.

Nikaitazama. Rangi ya kucha ilikuwa imebanduka kidogo pembeni. Nikafikiria bomba, zile hatua nne, na mkwe wangu akisema hakuna shida mbele ya ndoo tupu, na binti yangu akikopa. Mke wangu mwenyewe angenipiga kibao. Angeniambia, mwanao akose maji kwa sababu ya chuma?

"Chukueni," nikasema. "Lakini isomwe kwanza, hapa hapa, na asome huyu. Akiwa amepiga magoti."

Bosi akasema hakuna haja ya magoti, iko mezani. Nikaishusha mwenyewe juu ya zulia.

Darubini alimtazama bosi, bosi akatazama dirishani. Darubini akapiga magoti, goti moja kwanza, halafu la pili, akihema kama anapandisha mlima. Akaanza kusoma, mbili, nne, moja, akasimama kwenye ule mstari.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Ni ya mke wangu. Unasoma vilivyo kushoto kwake, vingine unaacha."

"Saba," akasema. "Elfu mbili mia nne kumi na saba."

Bosi akaandika. Akapiga hesabu haraka, mkono ukamtoka kama anafukuza nzi. Akasema baada ya ile elfu mbili mia nne kumi na moja ya mama kuna uniti sita hazijalipwa, ila ni kitu kidogo, hizo anazisamehe.

"Usizisamehe," nikamwambia.

Akadhani nataka zaidi. Sikutaka zaidi. Baada ya mazishi, dada za mke wangu walisema watakuja kuchukua nguo zake wagawane. Mimi sikutaka waondoke na nguo zilizokaa kabatini wakati wa ugonjwa. Nilizifua zote. Magauni, vitambaa vya kichwa, masweta, shuka alizolalia, hata viatu vya kitambaa. Nilisuuza mara tatu, kama ninavyowafanyia wanaolipa vizuri, siku nne mfululizo, maji yakimwagika na mimi nimesimama tu pale nayaangalia. Kisha nikatia wanga, nikapiga pasi, nikakunja. Maji yale niliyatumia mimi. Ni yangu na yake. Mtu anayesaini bila kuangalia hawezi kunisamehe hayo.

Haya yote sikumwambia bosi. Nilimwambia kwamba mimi ninachotumia nalipa, kisha nikabeba shati la mhasibu nikashuka.

Nililipa dirisha la tatu. Yule binti alihesabu, akanipa risiti yenye jina la mke wangu na maneno ya mwisho, asante mteja mpendwa. Akataka kuyafuta kwa kalamu. Nikamwambia aache, safari hii wamesema kweli.

Nje, Darubini alinifuata, ameshika baiskeli kwa pembe. Magoti ya suruali yalikuwa na manyoya ya zulia.

"Mzee, mimi sikujua kama mama alifariki. Niliona karatasi hakuna, nikadhani amechoka kuniandikia."

"Ungejua ungefanyaje?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli, hata jasho lilimtoka.

"Ningeendelea kuandika kumi na nane," akasema. "Lakini msibani ningekuja."

Nilikuwa nimemwandalia matusi tangu Jumanne, mengine mapya kabisa. Nikajikuta nacheka, nikacheka mpaka mlinzi akatoka kibandani kuangalia. Nikamwambia aende, kuna mita zinamsubiri asizione.

Binti yangu aliporudi hakuuliza kama nimeirudisha. Aliona kiroba kitupu nimekianika kambani. Akachukua risiti, akaisoma yote, akaitia kwenye kopo la biskuti juu ya daftari, akafunga kifuniko kwa ngumi. Ijumaa ikafika, bomba likatoa maji mpaka jioni. Mkwe wangu aliosha basi lake kwa ndoo tano na kuniambia hakuna shida, na kwa mara ya kwanza nilimwamini.

Shida ilikuwa shati. Mita ilikuwa imeacha duara la kutu mgongoni, na kutu haitoki kwa sabuni wala kwa jua. Nililisugua Ijumaa nzima. Jumamosi mhasibu akaja, akalikunjua, akaniuliza duara hili ni la nini.

Nikamwambia kwenye mfumo wangu linaonekana safi.